Kitambaa cha Kochi Kilichokuwa na Mabega

Nikisikia watu wakihadithiana aibu zao, ati mmoja aliteleza mbele ya kanisa zima, mwingine alimsalimia padri akiwa amevaa sketi nyuma mbele, mimi huwa nacheka nao kidogo halafu nanyamaza, kwa sababu nikianza kuisema yangu chai yote itapoa. Lakini leo mmenibana, basi sikieni. Mimi Wangechi, mwenye akili timamu na cheti cha kidato cha nne, niliwaketisha wageni waliokuja kuniposa juu ya nguo ya maiti. Na si kuwaketisha tu, jamani: niliifua kwanza, nikaishona, nikaitia wanga, nikaipiga pasi. Watu wengine aibu huwakuta njiani, mimi yangu niliifanyia kazi siku tatu nzima.

Ilikuwa miaka ya tisini, ule mwezi wa saba ambao kwetu Wamagana habari za jua tunazipata kwa redio tu. Nilikuwa nimeandikwa kazi ya nyumba kwa mama mmoja mzungu huko Nyeri mjini, mjane, tukimwita Madam Helga. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa kukusanya vitambaa vikuukuu kutoka Misri, na aliacha droo na droo zake. Vilikuwa vya kitani, uzi wa mmea, rangi ya ugali wa mtama uliopoa, na juu yake vilikuwa vimedariziwa kwa mkono: ndege, majani ya mizabibu, na vichwa vya watu vyenye macho makubwa yasiyofumba. Madam alivishika akiwa amevaa glavu. Alikuwa akiniambia vina zaidi ya miaka elfu moja, na kwamba vilitoka chini ya mchanga.

Sasa Madam alipenda kueleza, na mimi nilipenda kusema "ndio Madam" huku nikifikiria viazi vyangu jikoni, kwa hivyo maneno ya maana yote yalinipita. Nilisikia "mchanga". Sikuuliza nani alivitia mchangani, wala vilikuwa vimemfunika nani. (Mtu yeyote mwenye kichwa angeuliza.) Mwezi huo Madam akasafiri kwao, akaniachia funguo niwe nikifungua madirisha na kupangusa vumbi.

Na mwezi huo huo Muriithi akatuma neno kwamba watu wake wanakuja kwetu. Muriithi alikuwa mwalimu kutoka Kianyaga, nilikuwa nimemngoja miaka minne, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, umri ambao shangazi zako huanza kukuombea kwa sauti ukiwa umeketi papo hapo. Watu wa kwao hawakunitaka. Walikuwa wamemchagulia mwalimu mwenzake, mwenye diploma, si mfanyakazi wa nyumba. Ni shosho wake tu, yaani nyanya yake aliyemlea tangu utotoni, ndiye aliyewaambia, "Twendeni kwanza tuone hiyo nyumba." Wakikubali kula kwetu, mambo yataendelea. Wakiondoka bila kula, basi, Muriithi ameenda. Kila mtu alijua hivyo na mimi nilijua kuliko wote.

Na kuona nyumba kwetu ni nini? Mgeni haangalii ukuta wala mabati. Anaangalia vitambaa. Kila kiti kina kitambaa chake mgongoni na kwenye mikono, meza ina chake, redio ina chake, hata thamosi ya chai ina chake, vyeupe, vya maua, vimetiwa wanga mpaka vinasimama vyenyewe. Mwanamke wa nyumba anajulikana hapo. Na sisi panya walikuwa wamekula kile kikubwa cha kochi la watu watatu, lile lililo katikati ya sebule, ambalo tena lilikuwa limechanika mgongoni sponji ikatoka nje.

Mama akasema, "Si uweke tu shuka?"

Shuka! Watu watoke Kianyaga, wapande na kushuka mabonde yote hayo, waje waegemee shuka? Hapo ndipo akili yangu ilipotoka nje kupunga hewa. Nikakumbuka droo ya tatu ya Madam. Nikajiambia, ni kuazima tu, Jumamosi jioni kitarudi, hata vumbi halitajua.

Nilichukua kirefu kuliko vyote. Kikitandazwa kilitosha kufunika mgongo wa kochi pale palipochanika, kikining'inia mbele na nyuma. Kilikuwa na mistari miwili ya darizi nyekundu na buluu iliyoiva, ndege wakifuatana, na katikati ya kila mstari kichwa kidogo cha mtu kikikutazama. Pembeni kilionekana kama kilifumuliwa zamani. Na katikati kabisa kilikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja. Nikasema, haiya, kumbe hata Misri kuna panya, nikawahurumia Wamisri, nikakikunja nikakitia kwenye kiondo.

Nyumbani nikakinusa. Kilikuwa na harufu, si mbaya sana, ya pango, ya kitu kilichokauka zamani. Utawekaje kitu kama hicho mbele ya wakwe? Nikakifua. Nilikifua kwa upole, na sabuni ya unga, lakini maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, nikamwaga, nikatia mengine, yakatoka vilevile, nikamwaga, nikatia mengine, mara sita, na harufu badala ya kuisha ikawa inaamka. Ilikuwa harufu ya shimo lililochimbwa asubuhi hiyo. Mama akachungulia akaniuliza, "Wangechi, ni nini hiyo unachemsha?" na sikuwa nachemsha kitu.

Nikakitia wanga. Nikaushona ule mpasuko kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo ya kubana, ile tuliyofundishwa shuleni, na nikajisifu. Kwa kuwa jua hakuna, nikakianika kwenye kamba juu ya meko jikoni. Alhamisi asubuhi mama aliingia kuwasha moto akatoka mbio ameshika kifua.

"Nani amening'iniza mtoto pale?"

"Mtoto gani, mama? Ni kitambaa."

Akarudi akakitazama tena kutoka mlangoni, akasema, "Mm," akaenda kuwasha jiko la makaa nje kwenye baridi. Hakuingia jikoni tena, na mimi nilimcheka, Mungu anisamehe.

Ijumaa nikakipiga pasi. Ilikuwa pasi ya makaa, nzito, na kitambaa bado kilikuwa kinyevu maana ule ukungu hauachi kitu kikauke. Nilipopitisha mara ya kwanza likatokea doa la hudhurungi, dogo, nikadhani ni kutu ya pasi. Nikapitisha tena kulitoa, likapanuka. Likatokea la pili sambamba nalo. Nikakandamiza kwa nguvu zaidi, kwa hasira sasa, na yale madoa mawili yakashikana yakaanza kushuka pamoja, mapana juu, membamba chini, halafu mapana kidogo tena. Nikaweka pasi chini. Yalikuwa mabega. Mabega mawili madogo na mgongo. Kichwa hakikuwapo, mahali pa kichwa palikuwa na mishono yangu mizuri ya shuleni.

Mnafikiri niliacha? Nilicheka peke yangu, kicheko kikavu ambacho mimi mwenyewe sikukipenda, nikakigeuza upande wa doa ulalie kochi, nikakitandaza, nikarudi nyuma nikatazama. Kilipendeza! Vile vichwa vidogo vikanitazama, nikaenda kumenya viazi. Paka wetu, aliyekuwa halali mahali pengine tangu azaliwe ila kwenye kochi hilo, alisimama mlangoni akatazama, akaenda zake kulala na mbuzi.

Jumamosi wakaja. Walikuwa saba pamoja na Muriithi mwenyewe, wakiongozwa na mzee Njogu, amu yake Muriithi, ndiye msemaji, mtu mrefu wa kofia na koo la kusafisha kila mara. Na dada yake Njogu, shangazi Wakeri. Na shosho mwenyewe, mama yao, mdogo, amevaa kitambaa cheupe kichwani na sweta ya rangi ya maziwa. Viti vyote vilikuwapo. Akapita vyote. Akaenda akaketi katikati ya kochi la watu watatu, akaegemea.

Maneno yakaanza, mnayajua yale maneno, mzee Njogu akizunguka na kuzunguka, ati waliona ua zuri huku wakapita kuuliza wenyewe, baba yangu akijifanya hajui ua gani. Mimi nilikuwa napitisha chai huku nikimtazama shosho. Hakugusa chai. Alikuwa ametulia tu, na baada ya muda nikaona anajitikisa. Kidogo sana. Mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Akaniita. "Msichana wangu, hapa nyumbani kuko na mtoto mdogo?"

"Hapana, shosho. Mimi ndiye kitinda mimba."

"Mm." Akaendelea kujitikisa. "Ni kama kuko na baridi inanishika hapa mgongo."

Shangazi Wakeri akainama. "Mami, mbona unajitikisa?"

"Najitikisa?" shosho akasema, akashangaa kweli, akaacha. Punde kidogo akaanza tena. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mtoto mgongoni angejua mwendo ule, na wanawake wote mle ndani tulikuwa tunautazama.

Chakula kikawa tayari, mukimo wa viazi na mahindi, nyama ya mbuzi, na sufuria kubwa ya wali wa mchele wa Wang'uru, ule unaonukia mpaka barabarani. Mzee Njogu akasema mama yao ndiye ataombea. Shosho akasimama, akapiga hatua mbili mbele, akafumba macho, na mimi nilikuwa nyuma yake na ile sufuria.

Mtoto alikuwa mgongoni mwake. Nasema nilivyoona. Kwenye ile sweta ya rangi ya maziwa, kuanzia chini ya shingo mpaka kiunoni, kulikuwa na mabega mawili na mgongo mdogo, hudhurungi, umelala kabisa vile mtoto anavyolala akibebwa, bila kichwa. Najua sasa ilikuwa nini: unyevu, wanga, joto la mwili wa mtu aliyeegemea saa mbili, doa likapenya kitani likahamia kwenye sufu. Wakati huo sikujua kitu. Niliachilia sufuria, wali ukamwagika sebule nzima, nikasema "Woi!" kwa sauti ambayo majirani waliniuliza juu yake wiki mbili.

Watu wakafumbua macho. Shangazi Wakeri akaona, akapiga nduru, "Mami! Mgongo! Toa hiyo sweta!" Wakamvua wakiparamiana kwenye wali. Mzee Njogu akageuka kwenye kochi, akashika kitambaa kwa kingo mbili pale katikati akakiinua juu ili kila mtu aone, na kile kitambaa, aliposhika vile, kikajikunja katikati kikawa nguo. Gauni. Gauni fupi la mtoto, na ndege wake wakishuka kutoka mabegani.

Baba yangu, mzee wa kanisa, akaniuliza polepole, "Wangechi, hii kitambaa ulitoa wapi?"

"Nilinunua mtumba," nikasema. "Karatina." (Ndiyo, nilidanganya. Nikiwa nimesimama juu ya wali.)

"Hapana," akasema shosho.

Akamnyang'anya Njogu ile nguo, akaenda nayo dirishani. Alikuwa mshonaji zamani, mikono yake ilijua kuliko macho. Akaanza kupapasa, na alikuwa anasema kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. "Hapa chini pindo imeshushwa. Mara moja, mara mbili. Mtoto alikuwa anakua. Hapa nyuma imeisha, alikuwa anapenda kukaa chini akicheza. Hapa kwa bega mama yake aliweka kiraka, na huyu ndege alishonwa na uzi ingine, haraka, hata hakumalizwa miguu." Akaipima urefu kwa kiganja. "Huyu hakuwa amefika miaka nne. Walimzika nayo."

Akakifikisha kidole kwenye mishono yangu.

"Na hapa kwa shingo, nani alifunga?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini alikuwa ananitazama, nikasema yote, mbele ya watu saba wa Kianyaga na wazazi wangu: Madam, Misri, droo, funguo, nilivyoiba, nilivyofua, nilivyodhani ni panya. Nililia nikasema mpaka na maji ya mara sita. Mama alijifunika uso na leso. Muriithi alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee Njogu akachukua kofia. "Basi tumesikia. Mwizi, na ametukalisha juu ya mtu wa kaburi. Mami, twende. Wote, twende." Wakaanza kukusanya viondo vyao. Nilimtazama Muriithi nikingoja aseme kitu, hakusema, na nikajua imeisha.

Shosho akasema, "Nileteeni wembe."

Wakasimama mlangoni. Nikauleta mimi. Akaketi tena palepale kwenye kochi, akaweka nguo mapajani, akaanza kukata mishono yangu, mmoja mmoja, bila haraka, na tulisikia kila uzi ukikatika. Alipomaliza akapanua shingo ya gauni kwa vidole viwili, taratibu, akapuliza ndani kidogo. Kwa nini alipuliza sijui. Halafu akaikunja.

"Sasa nipakulieni," akasema.

"Mami, tunaenda!"

"Nendeni. Mimi nakula." Akamtazama Njogu. "Huyu msichana ni mjinga sana, sijaona mjinga kama yeye. Lakini amesema kitu ya aibu mbele ya watu. Mimi niko na mtoto nilizika wakati wa vita ya uhuru, tukiwa tumefungiwa na wazungu kwa kile kijiji cha mitaro. Msichana wa miaka mitatu. Alizaliwa mbele yako, Njogu. Nilimzika na gunia, kwa sababu nguo yake moja nilivalisha wewe. Sijawahi kumwambia mtu, hata baba yenu alikufa akifikiri nilimzika nayo."

Mzee Njogu alikuwa na miaka zaidi ya arobaini. Akasimama pale na kofia mkononi. Kisha akarudi akaketi chini, si kwenye kiti, chini kwenye zulia karibu na miguu ya mama yake, katikati ya wali wangu. Shangazi Wakeri akalia wazi. Mama yangu, Mungu ambariki, akaingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akaleta sahani. Wakala. Wali haukuwapo, walikula mukimo na nyama, lakini walikula.

Madam aliporudi nilimweleza kila kitu. Akavaa glavu zake, akafungua nguo, akaitazama dakika nyingi. Akaniuliza yule mama mzee alisema nini juu ya pindo, na ndege yupi hakuwa na miguu, akaandika. Mume wake alikuwa ameiandika kuwa kipande cha pazia. Kisha akanifuta kazi, kwa adabu kabisa, na alikuwa na haki.

Tulioana mwaka uliofuata, mimi na Muriithi wangu wa kutazama viatu (nimemsamehe, namkumbusha tu mara kwa mara). Na nikaapa, na sijawahi kuvunja: nguo ya mtu nisiyemjua siifui, siishoni, siigusi kwa moto.

Shosho alituacha kabla ile miaka ya tisini haijaisha. Wanawake tulipofungua sanduku lake kutafuta nguo ya kumvalisha, tulikuta ile sweta ya rangi ya maziwa, haijafuliwa, na ndani yake kigauni kipya cha msichana wa miaka mitatu, cha pamba nyeupe, alichokishona mwenyewe kwa mkono macho yakiwa yameshaisha, ndege wawili mabegani wakikimbia na miguu yao yote. Kilikuwa kimekunjamana kwa kukaa sandukuni. Shangazi Wakeri akanipa, akasema, "Wangechi, wewe ndiye fundi wa pasi, hebu kinyooshe tumwekee."

Nilikataa. Nilikiweka chini ya mkono wake hivyo hivyo, na makunyanzi yake.